Kuotesha utando wa fuwele wa oksidi ya urani

Utando wa UO2 wenye unene wa nanomita 100, juu ya kisahani (kipande bapa cha fuwele ambacho utando huoteshwa juu yake) cha milimita 10 kwa 10, una takriban miligramu 0.11 tu, na urani-238 iliyomo hutoa kama bekereli 1.2 (miozo ya atomi kwa sekunde). Kiasi hicho unakipeleka kwenye mashine ya eksirei bila urasimu unaoandama bonge zima la urani. Ndiyo maana watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, wanaipenda njia hii.

Shughuli pevu ni kuchagua kisahani. Kizio cha fuwele ya UO2, yaani kisanduku kidogo cha atomi kinachojirudia, kina upande wa nanomita 0.547. Zirkonia (oksidi ya zirkoni) iliyotiwa itria (oksidi ya itriamu) ni 0.514 hivi: inapishana kwa asilimia 6 na ushee, lakini muundo ni uleule na inastahimili joto kali. Fluoridi ya kalisi, 0.546, inaoana karibu kabisa, ila ikikutana na mvuke wa maji kwenye joto kali, uso wake unaharibika.

Kisafishe kisahani kwa asetoni, kisha isopropanoli, ukipashe moto ndani ya ombwe. Shabaha, yaani bamba ambalo atomi zake hung'olewa na kutua kwenye kisahani, ni urani hafifu (iliyopunguzwa urani-235) ya metali, inayogongwa na ioni za argoni kwenye shinikizo la paskali 0.7 hivi. Oksijeni iwe kidogo mno, karibu paskali 0.002. Ikipungua, metali inabaki bila kuoksidika; ikizidi, unaelekea U3O8, oksidi yenye oksijeni zaidi, na shabaha yenyewe inaota ngozi ya oksidi, kasi inaporomoka. Kwa hiyo igonge kwanza shata (kifuniko kati ya shabaha na kisahani) ikiwa imefungwa, mpaka volti itulie.

Ukikagua utando kwa eksirei za shaba, kilele cha (002), yaani cha mwakisiko wa tabaka za atomi zilizo sambamba na uso, cha UO2 kiko kwenye pembe ya nyuzi 32.7, cha zirkonia 34.9. Hapa wengi hudanganyika. Oksijeni ya ziada husinyaza kizio na kusogeza kilele juu. Mbano wa zirkonia hukirefusha kizio kwa wima na kukirudisha chini. Kilele kikikaa mahali pake, huenda kasoro mbili zimefutana. Pima pia akisi ya mshazari, yaani ya tabaka za atomi zilizoinama, kama (113), ndipo useme utando ni safi.

Ngao za ndani ya chemba hukusanya urani nyingi kuliko kisahani, na tabaka likinenepa hubanduka. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, usitumie brashi kavu: vumbi laini la metali hii hujiwasha lenyewe hewani.