Kibandiko cha Trela: Nilivyopata Leseni ya Kuvuta Trela Zito California

Siku nilipolipeleka trela letu la mapumziko, lile la kulala safarini, kwenye mizani ya malori nilirudi nyumbani natamba. Karatasi ya mizani ilisema pauni 8,860, yaani kama kilo 4,000 hivi, matangi ya maji yakiwa matupu na makabati hayana kitu. Leseni ya kawaida ya California, ile ya daraja C niliyonayo mimi na karibu kila mtu, inaruhusu kuvuta trela moja isiyozidi pauni 10,000, sawa na kilo 4,536. Nikapiga hesabu: nina akiba ya pauni elfu moja na ushee. Nikamwambia mke wangu aanze kupanga safari.

Aliyeniharibia furaha ni kaka mmoja tunayefahamiana, Mtanzania mwenzangu, ambaye amekuwa dereva wa malori ya masafa marefu huku Marekani kwa miaka mingi. Alipita kutusalimia, akaliona trela, akalizunguka kimyakimya kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Alipofika ubavu wa kushoto, karibu na mbele, akachuchumaa.

"Mdogo wangu, hiki kibandiko umekisoma?"

Nikamwonyesha karatasi yangu ya mizani. Hakuitazama hata kidogo.

"Wewe umepima trela. Leseni haipimi trela, inasoma kibandiko."

Kilichoandikwa pale ni pauni 11,400. Huo ndio uzito wa juu kabisa uliowekwa na mtengenezaji: chombo chenyewe, pamoja na maji, gesi, nguo, vyombo, baiskeli na kila utakachopakia. Sheria inaangalia namba hiyo. Haijali kama siku hiyo umebeba au hujabeba. Ni sawa na ndoo ya lita 20: ukitia lita tano bado ni ndoo ya lita 20. Mimi nilikuwa nimepima maji nikasahau ndoo. Na kwa namba ile, leseni yangu ya daraja C ilikuwa haitoshi, hata trela likiwa jeupe ndani.

Aliyeniuzia aliniambia leseni yoyote inatosha, mradi matumizi si ya biashara. Sikumlaumu sana. Nimeshagundua kwamba wengi wanaovuta trela za mapumziko wanaamini hivyo, kwa sababu neno "biashara" linawachanganya. Ni kweli kwamba mtu anayevuta trela lake la kwenda kupumzikia hahitaji leseni ya udereva wa biashara. Lakini California ina daraja A mbili: ya biashara, na nyingine isiyo ya biashara. Hii ya pili wengi hawajawahi hata kuisikia, na ndiyo niliyotakiwa kuwa nayo mimi.

Mipaka yenyewe inategemea trela limeungwa vipi na gari. La kwangu ni lile la kawaida, linaloungwa kwa mpira wa chuma nyuma ya bampa. Trela la namna hii likizidi pauni 10,000 kwenye kibandiko, unahitaji daraja A isiyo ya biashara. Yale makubwa ambayo shingo yake inaingia ndani ya bodi ya pikapu na kukaa juu ya ekseli yamelegezewa kidogo: kati ya pauni 10,001 na 15,000 unabaki na daraja C, ila unafanya mtihani wa maandishi na kuongezewa idhini kwenye leseni. Ukipita 15,000 mnakutana kwenye foleni moja, daraja A. Na yote hayo ni kwa sharti kwamba hulipwi kwa kuvuta. Ukianza kumhamishia rafiki trela lake kwa malipo, umehamia kwenye sheria za biashara.

Nilifikiria kulirudisha. Nilifikiria pia, nakiri, kunyamaza tu na kuendesha, kwa kuwa ni askari gani atachuchumaa kusoma kibandiko? Mke wangu ndiye aliyeuliza swali lililonimaliza: "Tukigonga mtu, bima wataanza kusoma nini?"

Basi nikaenda DMV, idara ya magari. Kulikuwa na fomu ya maombi, kipimo cha macho, na fomu ya maswali ya afya, DL 546, ambayo sikuitarajia. Inauliza habari za moyo, kisukari, kifafa, usikivu na mengineyo. Fomu hii huijazi mara moja ukasahau. Mwenye daraja A isiyo ya biashara anairudisha kila baada ya miaka miwili.

Kisha mtihani wa maandishi, na hapo niliaibika. Nilisoma kitabu cha kawaida cha udereva, kile nilichosomea leseni ya kwanza, nikaingia kwa kujiamini, nikafeli. Maswali yalihusu breki za trela, urefu wa gari na trela kwa pamoja, kupanga mizigo, mteremko. Kuna kitabu cha pekee cha DMV kuhusu magari ya mapumziko na trela, kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Nilikisoma jioni tatu, nikarudi, nikapita. Kumbe kitabu chenyewe ni kizuri. Mle ndimo nilimojua kwamba kasi ya juu kwa anayevuta trela California ni maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, hata pale ambapo kibao cha barabara kinawaruhusu wengine 65 au 70. Na kwamba kwenye barabara yenye njia nne au zaidi upande mmoja, mwenye trela anakaa njia mbili za kulia. Nilikuwa nimeshawaona watu wengi wakivunja yote mawili kwa pamoja, nami nikidhani ni haki yao.

Baada ya maandishi unapewa kibali cha kujifunzia. Hakikuruhusu kwenda peke yako: lazima awepo pembeni mtu mwenye leseni ya daraja linalohusika. Yule kaka akajitolea Jumapili zake.

Nilidhani tutaanza kwa kuendesha. Jumapili ya kwanza hatukusogea hata mita moja. Alinifanya niunge trela na kuliachanisha mara sita. Shusha, funga, pitisha pini, kisha inua jeki kidogo uone kama trela linanyanyua mkia wa gari, lisiponyanyua, hukufunga. Minyororo ya usalama inapita chini ya shingo ikikatana, ya kushoto inakwenda kulia, ili shingo ikichomoka idondokee juu ya minyororo na si kwenye lami. Waya wa dharura unaowasha breki za trela likikatika unafungwa kwenye gari lenyewe, usiubanishe na mnyororo. Plagi ya taa. Breki, indiketa, taa za kurudi nyuma, moja moja, na mtu amesimama nyuma anasema.

Halafu mizigo. Shingo inatakiwa kuegemea kwenye gari kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela. Ikiwa nyepesi mno, trela linaanza kuyumba mkia kasi ikipanda. Ikiwa nzito mno, pikapu inakaa kitako na magurudumu ya mbele yanakosa mshiko. Mimi nilikuwa nimefunga baiskeli nne nyuma kabisa ya trela, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Aliziangalia, akaniangalia mimi, nikaanza kuzifungua bila kuambiwa.

Kurudi nyuma ndiko kulikonitoa jasho. Ukikata usukani kulia, trela linakwenda kushoto, na ubongo wa mtu aliyeendesha gari dogo miaka ishirini unakataa kabisa. Mara ya kwanza gari na trela vilijikunja kama kiwiko, kona ya bampa ikabaki vidole vitatu tu kugusa mwili wa trela. Kaka hakupiga kelele. Alisema: "Shika usukani chini, pale saa sita. Sasa, unataka mkia uende wapi? Peleka mkono huko." Nikapeleka mkono kushoto, mkia ukaenda kushoto. Siamini kwamba jambo hili haliandikwi kwa herufi kubwa kwenye kila trela linalouzwa. Lililobaki lilikuwa subira: kukata kidogo, kungoja, kurudisha usukani mapema kabla trela halijazidi, na likizidi, kusonga mbele na kuanza upya. Kusonga mbele si aibu. Aibu ni kung'ang'ania.

Mke wangu aliteuliwa kuwa utingo. Aliipokea kazi kwa moyo mweupe, ila siku za kwanza alikuwa akipiga makofi kwenye ubavu wa trela na kupiga kelele "twende twende twende, wee!" kama yuko juu ya Fuso, nami ndani sijui "wee" hiyo ni simama au ongeza. Tukakubaliana ishara nne za mikono na sharti moja: nisipomwona kwenye kioo cha pembeni, nasimama. Ndoa ilinusurika.

Mtihani wa vitendo unafanywa kwa miadi, na si kila ofisi inaufanya. Unakwenda na chombo chako mwenyewe, na kiwe cha daraja unaloomba. Ukienda na trela dogo la kuazima, hupewi daraja A. Nilienda na kaka pembeni, kwa kuwa bado nilikuwa na kibali tu.

Mtahini alikuwa mama mmoja mtulivu mwenye ubao wa kuandikia. Sehemu ya kwanza ni ukaguzi, na hapo Jumapili ile ya kutosogea ililipa. Nilimzungusha chombo kizima nikitaja kwa mdomo ninachogusa na ninachokitafuta: nati za magurudumu, je kuna michirizi ya kutu inayoonyesha zimelegea? Ubavu wa tairi una nyufa? Springi zina jani lililopasuka? Nikafika kwenye minyororo, waya wa dharura, plagi. Kutazama tu hakutoshi, inabidi useme. Nikaendelea kusema mpaka nikawa naitajia hata milango ya makabati.

Sehemu ya pili, kurudi nyuma. Nilisonga mbele mara moja kujirekebisha. Aliandika kitu. Moyo ulidunda, lakini nikakumbuka kwamba kusonga mbele kunaruhusiwa, kugonga koni hakuruhusiwi, nami koni sikuigusa.

Barabarani nilichokosea ni kona ya kulia. Nilikata mapema kidogo, gurudumu la nyuma la trela likapita karibu mno na ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Trela halifuati njia ya gari, linakata ndani, hivyo unatakiwa uende mbele zaidi kabla ya kukunja. Nilijua. Nimefundishwa. Nikafanya vilevile. Pia alinikata alama kwa kutotazama vioo mara za kutosha. Lakini nilipita, na mwishoni akaniuliza hiki kibandiko kinasema ngapi. Nikamjibu bila kugeuka kukitazama.

Safari ya kwanza tulishuka Grapevine, ule mteremko wa barabara kuu ya I-5 unaotoka Tejon Pass, futi 4,144 juu ya usawa wa bahari, kuelekea bonde la San Joaquin. Kuna sehemu mwinamo unafika asilimia 6, na zipo njia za kuokolea malori yaliyoishiwa breki. Nilipunguza gia nikiwa bado kileleni, kabla mteremko haujaanza, injini ikanguruma na kulishikilia gari, nikawa nagusa breki kwa vipindi vifupi badala ya kuikalia. Malori yalikuwa upande wa kulia pamoja nami, magari madogo yakitupita kama upepo. Katikati ya mteremko lori moja likanipita, hewa yake ikalisukuma trela, nikaona kwenye kioo mkia umeanza kuyumba. Ukikanyaga breki ya gari hapo, trela linakuja kukusalimia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kile kitufe kidogo chini ya dashibodi kinachofunga breki za trela peke yake. Nikakibana taratibu, nikaushika usukani bila kupambana nao, mkia ukanyooka.

Mke wangu alikuwa anamenya chungwa. Hakujua kilichotokea mpaka nilipomwambia tukishafika chini.

Kambini giza lilishaingia, na nafasi tuliyopewa ilikuwa ya kuingia kwa kinyumenyume, katikati ya miti miwili. Majirani walitoka na viti vyao kutazama, kama ilivyo desturi. Utingo akashuka na tochi, akasimama pale ninapomwona, akainua mkono. Ilinichukua mara nne. Kati ya hizo, mbili za kusonga mbele.

Fomu ya afya ya pili nimeirudisha mwezi uliopita. Karatasi ile ya mizani bado iko kwenye kisanduku cha pikapu, pauni 8,860, nayo ina kazi yake: naiangalia kabla ya kupakia, nijue zimebaki pauni ngapi kabla ya kufika namba ya kibandiko. Baiskeli sasa zinakaa mbele.