Kidonge kisichomezwa siku ya kliniki

Moshi, Alhamisi usiku

Kuna kidonge cha presha ambacho wazee wengi wa huku kwetu hawakimezi siku ya kliniki. Siku nyingine zote wanakimeza vizuri tu, tena kwa saa ile ile, redio ikiwa kwenye taarifa ya habari. Ila siku ya kwenda kumwona daktari kinabaki kwenye pakiti. Jambo hili benchini linajulikana na kila mtu. Kwa daktari halifiki.

Chenyewe ni kile cha kukojoza. Kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini ili presha ishuke, na maji hayo yana njia moja tu ya kutokea. Sasa mfikirie bibi wa Uru au Kibosho. Kaamka saa kumi na moja alfajiri, kashuka kwa miguu mpaka barabarani, kapanda Haisi ambayo kiti cha watatu wanakaa wanne na konda bado anaita abiria. Akimeza kile kidonge kabla ya kutoka, kabla hajafika Mbuyuni ameshaadhirika. Hakuna konda wa asubuhi atakayesimamisha gari bibi akachimbe dawa, na bibi mwenyewe hawezi kuomba mbele ya vijana wa rika la wajukuu zake. Akifika hospitali mambo ni yale yale: choo kiko mwisho wa korido, majina yanaitwa mara moja, na ukiitwa haupo faili lako linaenda chini ya mengine yote.

Basi kila mmoja kaamua kwa akili yake. Leo sikimezi.

Matokeo yake ni kwamba presha inayopimwa kliniki ni ya siku ambayo mgonjwa hajameza dawa. Daktari anaona 168 kwa 96, anakunja uso, anaongeza dozi. Kwa alichoandikiwa kwenye karatasi amefanya sawa kabisa. Bibi anarudi mlimani, kesho yake anameza vyote, vya zamani na cha nyongeza, kwa utiifu wote. Akiinuka kitandani alfajiri anaona nyumba inazunguka. Mama mmoja pale benchini alisimulia alivyoanguka jikoni, chungu cha maziwa mkononi, na hadithi yake yote ilikuwa juu ya maziwa.

Mimi ndiye ninayempeleka mama kliniki, kwa sababu kaka zangu wawili wako Dar na cherehani yangu haina bosi wa kumwomba ruhusa. Mama ana sukari na presha, vyote viwili. Hospitali tunayokwenda sitaitaja. Iko hapa mjini na haina tofauti kubwa na nyingine. Habari ya kidonge niliipata hapo hapo benchini, kutoka kwa mama wa Old Moshi aliyemwambia jirani yake bila hata kushusha sauti, "Mimi kile cha mkojo leo sijakigusa." Benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu kwa jinsi alivyokuwa anasahihisha Kiswahili cha wenzake, akasema yeye huanza kukiacha tangu jana yake, kwa usalama. Nikamgeukia mama yangu. Mama akaangalia dari.

Na hicho siyo peke yake. Wanaambiwa waje bila kula ili wapimwe sukari ya kufunga, wengi wanaelewa kwamba hata dawa za presha zisiguswe, kwa hiyo wanafunga na vidonge pia. Mkoba wa kila mgonjwa wa sukari una andazi lililofungwa kwenye mfuko, la kula mara tu baada ya kuchomwa kidole. Ikifika saa nne maabara haijaanza kuita, unaona mikono inapapasa mikoba. Mtu wa sukari akikaa na njaa muda mrefu anaanza kutetemeka na kutoka jasho, hilo wote tunalijua, lakini ukila umeharibu kipimo na utaambiwa urudi siku nyingine. Nauli ya siku nyingine atakupa nani?

Halafu kupimwa presha kwenyewe. Utaratibu unajulikana: mtu akae ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi, asiongee. Nesi wetu ni mmoja, mashine moja, na foleni inatoka nje ya mlango. Akimpa kila mtu dakika tano zake za kutulia, watu watapimwa mpaka magharibi. Kwa hiyo mzee anatoka kupanda ngazi, anahema, anavishwa mkanda juu ya sweta (Julai Moshi huvui sweta kirahisi), huku akijibu nani kamsindikiza. Namba inaandikwa. Ukishaandikwa kwenye kompyuta umekuwa hivyo.

Ukutani kuna bango la kuwataka watu wawapishe wazee wahudumiwe kwanza. Zuri sana, ila kliniki ya sukari na presha wote ni wazee. Wanapishana wenyewe kwa wenyewe, na wa miaka 84 anamdai wa miaka 71 nafasi kama haki yake ya kuzaliwa.

Ndani kwa daktari ndiko hasa kunakonisumbua, na sisemi kwa ubaya. Daktari wa leo alikuwa kijana, ana adabu, alisema "Shikamoo mama" akiwa anaangalia kompyuta, maana bila kujaza kwanza mfumo haumruhusu kusonga mbele. Mama akaitikia marahaba. "Unaendeleaje?" "Namshukuru Mungu baba, naendelea vizuri." Vidole vya daktari vikaanza kuandika, na mimi nikajua kwamba hiyo "vizuri" imeshakuwa hali ya mgonjwa.

Mwanamke huyo huyo alikuwa ametoka kuwaeleza watu wa benchini, kwa saa mbili, kwamba vidole vya mguu wa kushoto vina ganzi, kwamba usiku vinawaka moto, kwamba juzi alitembea na kijiwe kwenye kiatu kutoka kanisani mpaka nyumbani na hakukisikia. Kijiwe! Mtu wa sukari asiyesikia kijiwe kwenye kiatu yuko njiani kupata kidonda, na vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyoishia kukatwa miguu. Lakini alipoulizwa anaendeleaje, alijibu kama alivyofundishwa na mama yake kujibu. Huwezi kumwanzia mtu salamu kwa malalamiko. Kwetu jibu la kwanza ni la heshima. Maradhi yako kwenye jibu la pili, labda la tatu, na ili yafike huko lazima kuwe na mtu anayeuliza tena: "Vizuri kabisa? Na miguu je? Hebu vua viatu nione."

Kuvua viatu vya mama yangu ni dakika mbili, na soksi zake mbili mbili. Sijawahi kuona daktari akizitumia dakika hizo.

Niliwahi kusoma kwamba jarida la BMJ Open mwaka 2017 lilichapisha utafiti uliokusanya takwimu za nchi 67 kuhusu muda ambao mgonjwa anapata kwa daktari wa ngazi ya kwanza. Bangladesh wastani ulikuwa sekunde 48. Uswidi dakika 22 na nusu. Karibu nusu ya watu wote duniani wanaishi kwenye nchi ambazo muda huo ni dakika tano au chini ya hapo. Nilipomsomea mama, aliuliza huyo wa Uswidi anaongea nini dakika zote hizo. Nikamwambia labda anavuliwa viatu.

Mtu asinielewe vibaya, siwalaumu hawa vijana. Mtoto wa dada yangu ni daktari. Amesoma miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, usiku wa zamu hadi miguu inavimba, kisha akarudi nyumbani kusubiri ajira. Sasa hivi anakaa kwenye duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, Majengo. Anapima nondo. Kila nafasi zikitangazwa anatuma maombi, na katikati ya hapo anajitolea siku mbili kwa wiki kwenye kituo cha afya kwa posho ya nauli. Ndiyo nchi yetu hiyo: madaktari mtaani, wagonjwa kwenye korido, na ukuta mmoja tu katikati yao unaoitwa kibali cha ajira. Ukimuuliza kwa nini madaktari hawaulizi maswali zaidi, anakwambia, "Mama mdogo, ukiuliza unapata jibu. Ukipata jibu lazima ulishughulikie. Nje wamebaki arobaini." Nilikasirika siku ile. Baadaye nimeona alikuwa anasema kweli kuliko mabango yote.

Foleni nayo tunaijaza wenyewe kwa sehemu. Kwa utaratibu mgonjwa anatakiwa aanzie zahanati, kisha kituo cha afya, wilaya, mkoa, ndipo afike hospitali ya kanda, ambayo kwa huku kaskazini ni KCMC tangu 1971. Mama angeweza kupimiwa presha zahanati ya kijijini, hatua chache kutoka kanisani. Lakini mara nyingi ukifika pale vidonge vya sukari vimekwisha, na mtu aliyekwisha kurudishwa mikono mitupu anashuka mjini moja kwa moja safari inayofuata. Mimi pia ningeshuka.

Mama anakumbuka enzi za kutibiwa bure, kabla ya 1993 serikali ilipoanza utaratibu wa kuchangia gharama hospitalini. Ukimsikiliza utadhani wakati ule madaktari walikuwa wengi. Hawakuwa wengi. Siku hizi mazungumzo yote ni bima. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mimi naiunga mkono, nimeshaona ng'ombe wa watu wakiuzwa kwa ajili ya upasuaji mmoja. Lakini kadi inalipa kitanda, kipimo na dawa. Kadi hainunui ile nafasi ya daktari kuuliza mara ya pili. Hiyo inanunuliwa kwa kuajiri yule mpima nondo wa Majengo na wenzake.

Kuna daktari mmoja alimfokea mama mwaka jana. Sukari ilikuwa juu, akamuuliza kama anameza dawa, mama akasema ameacha moja. Basi hapo hapo akaanza: mnajiua wenyewe, mnaleta shida, mkishakatwa miguu mnamlilia nani. Mama akanyamaza kimya, mkoba magotini, na akaitikia "ndiyo daktari" kwa kila sentensi. Aliacha metformin, kidonge cha sukari, kwa sababu ilikuwa inamharisha. Dawa hiyo inajulikana kwa kusumbua tumbo, hasa mwanzoni, na ndiyo maana inamezwa pamoja na chakula. Yeye alikuwa anaimeza alfajiri na maji matupu. Sentensi moja tu ingetosha. Nilimwambia yule daktari mimi, mama akanifinya paja chini ya meza. Hadi leo sijui alikuwa anamlinda nani.

Lakini kuna mwingine. Ilikuwa masika, mvua imenyesha usiku kucha, barabara za juu hazipitiki, kwa hiyo kliniki ikawa na watu wachache ajabu. Daktari wa kike, mtu mzima kidogo, hakuonekana kuwa na haraka. Akaangalia namba ya presha, akaiangalia ya mwezi wa nyuma, akamwangalia mama. Badala ya kuuliza "Unameza dawa?" akauliza, "Leo umemeza saa ngapi?" Mama akanitazama, akatazama mlango. "Leo bado." "Vyote?" "Cha mkojo. Kwenye gari, daktari..." Yule daktari akacheka, siyo kwa dharau, akasema na mama yake mzazi anafanya hivyo hivyo. Dozi hakuiongeza. Aliandika kwamba mgonjwa hajameza, akamwomba mama apimwe zahanati siku mbili za kawaida akiwa amekunywa dawa zake, namba ziandikwe kwenye daftari, alete. Zilipokuja zilikuwa nzuri. Kidonge ambacho angeongezewa siku ile hakikuhitajika.

Hatujampata tena. Unampata daktari aliyepo siku hiyo, ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo jioni hii nimemwandikia mama karatasi ya kliniki ijayo. Ganzi ya vidole, kijiwe, macho kuwa na ukungu, na kile kidonge. Nimeandika kwa herufi kubwa ili daktari asome hata akiwa na haraka. Mama kaisoma, kaikunja, kanirudishia. "Nimpe daktari karatasi, kama namfundisha kazi?" Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tumekubaliana hivi: ganzi atasema mwenyewe, baada ya salamu, na soksi atavaa jozi moja tu. Kijiwe na macho nitasema mimi. Kile cha mkojo amekataa katakata kisitajwe, eti labda wakimpata tena yule wa siku ya mvua.