Mama, mguu!

Leo ni siku ya 46 tangu nipasuliwe kifundo cha mguu wa kulia. Nilikosea ngazi ya mwisho nikiwa nimebeba ndoo ya nguo, mguu ukapinda, nikasikia mlio. Mfupa mwembamba wa upande wa nje ulikuwa umevunjika. Wakaufunga kwa bamba la chuma na skrubu 7, wakanivika plasta, na jioni ileile nikarudishwa nyumbani.

Usiku ule wa kwanza sitausahau. Nilitoka hospitali bila maumivu hata kidogo, vidole vyangu nikivigusa ni kama vya mtu mwingine, nikamshukuru Mungu kwamba mambo yamekuwa mepesi. Kumbe ni ganzi tu. Ile sindano wanayochoma kwenye neva za mguu hushika kwa saa nyingi, kisha huachia. Kwangu iliachia saa nane usiku, na sikuwa nimemeza kidonge hata kimoja kwa sababu hakuna kilichokuwa kikiuma. Nililia hadi alfajiri. Wewe unayesubiri zamu yako, nakusihi: meza dawa za maumivu kwa saa ulizoandikiwa, kabla ganzi haijatoka. Usingoje mpaka uumie.

Baada ya hapo kazi yangu ikawa moja, kuuinua mguu. Nilipoambiwa "uinue" nilielewa niuweke juu ya kistuli huku nimekaa kitini. Haitoshi. Unatakiwa ulale na kifundo kikiwa juu kuliko moyo, mito miwili mitatu chini ya shavu la mguu. Kila nilipoushusha, hata kwa safari fupi ya chooni, nilihisi damu ikiteremka kama maji, vidole vikavimba, plasta ikabana. Nikirudi kulala na kuuinua, polepole panatulia. Binti yangu wa miaka 9 alilishika somo hili haraka kuliko mimi. Akipita mlangoni akanikuta nimeketi na simu, ni sauti moja tu: "Mama, mguu!"

Magongo nayo yana siri zake. Uzito ubebwe na viganja, si makwapa, kwa maana kwapani mna neva na ukizikandamiza mikono inakufa ganzi. Kwenye ngazi, kupanda unaanza na mguu mzima. Kushuka unatanguliza magongo pamoja na mguu mgonjwa. Na huwezi kubeba kikombe cha chai. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia, mimi niliyezoea kuwahudumia wengine. Mdogo wangu alihamia kwangu wiki mbili, akawa ananiogesha nimekaa kwenye kiti, mguu umefungwa mfuko wa plastiki na kuegeshwa nje ya maji. Siku ya kwanza niligeuza uso ukutani. Hakusema neno, aliendelea kunisugua mgongo taratibu kama mama yetu alivyokuwa akitufanyia.

Kila jioni nilijichoma sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande, kwa kuwa mguu usiotembea huweza kufanya donge la damu. Niliambiwa shavu la mguu likivimba na kuuma isivyo kawaida, au nikikosa pumzi ghafla, nisingoje asubuhi. Namshukuru Mungu halikutokea.

Nyuzi zilitolewa wiki ya pili, plasta wiki ya sita. Sikuutambua mguu wangu. Shavu la mguu limenywea, ngozi inabanduka magamba, kifundo kigumu kama mlango uliopata kutu. Binti yangu alipitisha kidole kando ya kovu bila kuligusa, akauliza kama skrubu zinasikia baridi.

Sasa nina kiatu kigumu cha kutembelea na ruhusa ya kuukanyagia mguu kilo 20, zisizidi. Unajuaje kilo 20? Mtaalamu wa viungo alinifundisha: mguu mgonjwa juu ya mizani ya kujipimia uzito, mzima kando juu ya kitu cha kimo kilekile, magongo mkononi, kisha unaegemea kidogo kidogo mpaka mwili ukariri kiasi hicho. Mimi natazama mbele, binti yangu amechuchumaa anasoma namba. Juzi niliogopa, nikaishia 6. Jana 11. Leo asubuhi akasoma, "Kumi na nane, Mama," halafu akaenda kunitandikia mito.