Clover Club ya nyumbani: jini, rasiberi na ute wa yai

Jini hapa ni kile kinywaji, si wale wanaopungwa kwa ngoma. Tukishaelewana hapo, tuendelee.

Clover Club ni kokteli ya Philadelphia, Marekani. Ilipewa jina la klabu ya wanaume waliokuwa wakikutana katika hoteli ya Bellevue, kabla nchi hiyo haijapiga marufuku pombe mwaka 1920. Ina vitu vinne: jini, limau, shira ya rasiberi na ute wa yai. Kwa Kampala, vitatu havina taabu. Shira ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayotenganisha kokteli nzuri na maji matamu ya rangi ya waridi.

Rasiberi mbichi ni adimu kwetu na bei yake huuma. Usihangaike nazo. Tafuta zilizogandishwa kwenye friza za maduka makubwa; kwa shira ni bora zaidi, maana barafu imeshapasua nyama ya tunda na zikiyeyuka tu zinaachia maji yake zenyewe. Chukua gramu 250 za rasiberi na gramu 250 za sukari nyeupe. Changanya kwenye bakuli la kioo, ponda kidogo kwa uma, funika, weka kwenye friji mpaka kesho. Asubuhi mimina mililita 50 za maji ya uvuguvugu, koroga mpaka usisikie tena sukari ikikwaruza chini ya bakuli, kisha chuja kwa chujio la chai. Acha idondoke yenyewe. Ukikandamiza kwa kijiko, vipande vya nyama na uchungu wa mbegu vinapita, na shira inakuwa na ukungu.

Kwa nini bila moto? Rasiberi ikichemka inanukia jamu, na ukiiacha jikoni muda mrefu inaanza kuganda kama jamu kweli. Sukari ya kahawia nayo iachie chai, kwani humu inaleta ladha ya sukari guru na kufifisha wekundu. Shira hii inatosha glasi kumi na tano hivi na inakaa wiki mbili kwenye friji ndani ya chupa iliyomwagiwa maji ya moto kwanza. Ikitoa vipovu au harufu ya chachu, mwaga.

Zile sharubati za dukani zilizoandikwa rasiberi ni rangi na manukato. Kuliko hizo, afadhali forosadi nyeusi zilizoiva, zile za kwenye ua ambazo watoto hurudi nazo na midomo ya zambarau. Kipimo cha sukari ni kilekile, ila forosadi hazina ukali wa rasiberi, kwa hiyo ongeza mililita 5 za limau kwa kila glasi. Haitakuwa Clover Club, lakini hakuna atakayeiacha glasini.

Kuhusu jini, Uganda Waragi inatosha kabisa. Ina asilimia 40 ya kilevi, na harufu yake ya junipa (kiungo kinachoipa jini harufu yake) ni ya upole, hivyo tunda linasikika. Ukitaka kokteli kavu zaidi, yaani isiyo tamu sana, tumia jini ya mtindo wa London. Enguli ya mtungi, yaani waragi ya kienyeji, usiiguse, hata ukihakikishiwa na mpishi mwenyewe. Huko Kabale mwaka 2010 watu wengi walikufa kwa waragi yenye methanoli, kilevi chenye sumu, na methanoli huioni wala huionji.

Sasa vipimo. Kama huna kipimio cha baa, chukua kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Kina mistari ya mililita 5, 10 na 15, na ni sahihi kuliko jicho la mhudumu yeyote. Kwa glasi moja: jini 60, limau 20, shira 20, ute wa yai 15. Yai moja huwa na ute wa kutosha glasi mbili, basi tengeneza mbili kwa mpigo. Limau likamuliwe papo hapo. Ukiwa na ndimu, anza na 15 kisha onja, maana ndimu ni kali zaidi.

Vunja yai kwenye kikombe cha pembeni. Tone moja la kiini likiingia, povu halitasimama, kwa sababu mafuta yake yanalivunja. Chombo chenye mabaki ya mafuta ya kupikia kinaleta balaa hilohilo. Yai liwe bichi na jipya. Kilevi na limau haviui vijidudu vya salmonela kwa uhakika, hivyo mjamzito (ambaye pombe yenyewe haimfai), mzee dhaifu na mgonjwa wasipewe. Asiyetaka yai atumie mililita 20 za maji ya dengu (chickpeas) za kopo yasiyotiwa chumvi. Povu lake ni zuri ajabu.

Chombo cha kutikisia kiwe chupa ya plastiki ngumu yenye mdomo mpana. Chupa ya kioo ya jamu inaweza kupasuka barafu ikiipiga. Tia vyote bila barafu, funga, shika kifuniko kwa nguvu (povu linasukuma), tikisa sekunde 15. Fungua, jaza barafu, tikisa tena sekunde 12 mpaka chupa iume vidole kwa baridi. Mtikiso wa kwanza unajenga povu, wa pili unapoza na kuongeza maji kidogo.

Hapo kwenye barafu ndipo wengi wanapoharibu. Umeme ukikatika na kurudi, vipande vinayeyuka nusu na kushikana, na vikitikiswa vinamwaga maji kupita kiasi. Gandisha maji yaliyochemshwa kwenye mkebe wa siagi, kisha pasua bonge hilo kwa kijiti cha chapati. Vipande vikubwa, vikavu, vinavyonata vidoleni ndivyo vinavyofaa.

Chuja kwa chujio la chai kwenye glasi yenye mguu iliyokaa kwenye friza dakika 10. Subiri kidogo: povu jeupe lenye wekundu kwa mbali litapanda juu, unene wa kidole. Likiwa jembamba na lenye mapovu makubwa, hukutikisa vya kutosha bila barafu. Likinuka yai, kamulia juu yake ganda la limau, upande wa nje, mafuta yake yarukie povu. Ikiwa kali mno, ongeza shira mililita 5 na utikise tena mara moja, usikoroge kwa kijiko. Ikiwa tamu mno, ongeza limau kwa kiasi hichohicho.

Jani la minti juu yake linaibadilisha jina: hiyo inaitwa Clover Leaf.