Simba kakanyaga chupa

Jana jioni mbwa wetu Simba alikanyaga kigae cha chupa, damu ikachuruzika hadi mlangoni. Kwanza nilimfunga mdomo kwa kitambaa laini, maana mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayemlisha. (Anayetapika au kuhema kwa shida asifungwe kabisa.) Kigae hakikubaki ndani, kwa hiyo nikaukandamiza unyayo kwa kanga safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Ilipolowa niliongeza kitambaa juu yake, sikuitoa, kwani ukiitoa unabandua damu iliyoanza kuganda.

Jirani alileta Panadol kwa nia njema. Nikamwomba airudishe: dawa zetu za maumivu zinaweza kumuua mbwa. Daktari wa mifugo alimshona usiku huohuo, keshokutwa tunarudi kubadilisha bandeji.