Karamu ya vitendawili, na mimi nikapewa nazi

Wazo lilitoka kwa mwenyeji wetu, anayekaa Mji wa Kale na mamake. Tusiende kula vibandani, alisema, tupike nyumbani, na kila chakula kitoke jikoni na kitendawili chake. Atakayeshindwa atoe mji kama ilivyo ada, kisha akoshe masufuria. Sahani na vijiko vikapigwa marufuku: chakula kiliwe kwa mkono, na kila mtu awe na kifuu chake cha nazi. Tulikuwa vijana 8, na wanaojua kupika hasa walikuwa 2. Mimi jikoni najua chai ya rangi na mayai ya kuchemsha.

Sikutaka kuwa yule wa kukaa mkekani na kuuliza "bado?" Nikaomba kazi moja tu, ambayo ningeweza kuishika toka mwanzo hadi mwisho bila kumwita mtu kila dakika, maana mpishi hapendi kuulizwaulizwa mafuta yakiwa motoni. Nikaomba nazi. Wali ulikuwa unangoja tui, samaki wa kupaka alikuwa anangoja tui, na hata vyombo vya kulia vingetoka kwangu. Mwenye nazi ni mtu wa maana hata kama hajui iliki wala karafuu.

Marikiti nilimkuta mzee mmoja amekaa na rundo lake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wataka za tui ama za kunywa?"

Nilipomwambia za tui, akaanza kuzitikisa sikioni mwangu moja moja. Nazi ya tui iwe kavu, nzito, na maji yake yasikike yakicheza ndani. Tazama yale macho 3: yakiwa na majimaji au ukungu, irudishe. Koroma usidanganywe nayo, nyama yake ni laini mno na tui haitoi la maana. Nilichukua 4: mbili za kilo moja ya mchele, mbili za samaki. Njiani nikapiga hesabu. Nazi 4 ni vifuu 8, na sisi ni watu 8. Hakuna hata moja iliyoruhusiwa kupasuka ovyo.

Kwa hiyo sikuharakisha. Nazi unaishika kiganjani juu ya bakuli, unaigonga kwa mgongo wa panga kiunoni, hapo katikati, huku unaizungusha kidogo kidogo. Usipige kwa hasira. Ukisikia mlio umebadilika, ufa umeshaanza. Endelea kuufuata mpaka ikatike yenyewe na maji yaingie bakulini. Wenzangu waliacha kumenya viazi wakaja kutazama, na kila nazi iliyofunguka sawasawa walipiga vigelegele vya harusi. Vikatoka vifuu 8 vizima. Sijawahi kushangiliwa hivyo kwa jambo lolote, hata nilipomaliza chuo.

Mbuzi ya kukunia tuliiazima kwa jirani. Siri yake ni kuanza pembeni mwa kifuu na kwenda ndani, na kuacha mara uonapo weusi wa ganda, kwani ukiuchanganya tui linapoteza weupe. Baada ya nazi ya pili mkono ulianza kulalamika. Nikamwagia maji ya vuguvugu, machache, nikakamua na kuchuja: hilo ndilo tui zito, likawekwa kando kwa ajili ya samaki. Machicha nikayarudia kwa maji mengi zaidi, nikapata tui jepesi la kupikia wali. Vifuu nikavisugua kwa kisu mpaka nyuzi zote zikatoka, kisha nikavikosha kwa maji ya moto.

Samaki wetu, changu, walikuwa wameshachanjwa, wakapakwa ndimu, chumvi, kitunguu thomu na tangawizi, wako juu ya makaa. Tui zito likaingia sufuriani na thomu, manjano na pilipili, na mwiko nikapewa mimi. Mamake mwenyeji alikuwa ameapa kutokanyaga jikoni usiku ule, lakini pua yake haikuapa.

"Nasikia harufu ya tui. Nani yuko nalo?"

"Ni mimi, Mama."

"Usilifunike, mwanangu. Na usiliwache peke yake hata wakikwambia nyumba yaungua."

Tui likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaenda kwao na maji kwao. Basi nikasimama palepale, moto mdogo, nakoroga. Niliitwa kupigwa picha, sikwenda. Niliitwa kuonja viazi karai, nikaletewa mdomoni. Lilipokuwa zito la kushika mgongo wa mwiko tukatia ukwaju, likapakwa samaki pande zote mbili, wakarudishwa motoni mpaka likaanza kukauka na kuungua kidogo pembeni. Hapo nilielewa kwa nini watu hugombania ngozi.

Kaimati na kachumbari zilifanywa na wengine, sina la kusema juu yake ila kwamba zilikwisha.

Baada ya Isha tukakaa. "Kitendawili!" "Tega!" Watoto wangu wamevaa makoti ya manjano wakaenda kuogelea: viazi karai, hicho kilikufa mapema. Kuku wangu ametaga miibani: nanasi, kila mtu anakijua tangu utotoni. Moto juu, moto chini, katikati wamelala watu weupe: hapo wawili walipapasa sana kabla mmoja hajakumbuka wali uliopaliwa makaa. Kisha nikatega changu. Mara ya kwanza nimeingia motoni uchi, mara ya pili nimevaa nguo.

Kimya. Wakasema chungu, wakasema mkate, mmoja akasema bibi harusi, akazomewa.

"Nipeni mji!"

Wakanipa Lamu, nikakataa. Wakanipa Kilwa, nikakataa. Wakanipa Mvita, nikaipokea, nikawaonyesha samaki. Watatu waliojibu ovyo zaidi wakapelekwa kukosha masufuria.

Sisi wengine tukanyoosha miguu tukijiona wafalme, mpaka tulipogundua kuwa huko uani pamekuwa na furaha isiyo ya watu wanaokosha. Sufuria ya wali ilikuwa imebaki na ukoko wote, mkavu, umenona tui, na wale watatu walikuwa wameizunguka na mchuzi wa samaki uliosalia. Tulipobisha mlango, wakajibu kwa pamoja kutoka ndani:

"Tupeni mji!"