Mifereji Miwili

Mtu akirudi Lamu kutoka Uingereza huulizwa baridi. Pale Mkunguni, hata salamu hazijaisha, mzee mmoja atakuwa ashataka kujua kama ni kweli maji huganda ndani ya nyumba. Hayagandi. Baridi unanunua koti, mambo yamekwisha. Yaliyonichosha mimi nilipokuwa Leicester ni vitu vidogo ambavyo ukimsimulia mtu anakuona unadeka.

Bafu, kwa mfano. Nyumba niliyopanga ilikuwa kuukuu, na beseni la kunawia lilikuwa na mifereji miwili, mmoja pembe hii, mwingine pembe ile. Wa kushoto ulitoa maji ya kuchemshia yai. Wa kulia ulitoa maji ya kutia vidole ganzi. Katikati, hakuna. Sasa tia udhu hapo, alfajiri, Januari! Wenyewe huziba tundu la beseni kwa kizibo cha mpira, wakachanganya maji humo na kunawia humo humo. Mimi nimelelewa kwa birika, lile hodhi la maji la kujengwa bafuni, na kata, maji yakishapita mwilini yamekwenda zake. Sikuweza. Nikanunua jagi.

Fundi wa mabomba alipokuja, mzee mpole, nikamuuliza sababu. Akanieleza kwamba maji baridi huja moja kwa moja kutoka bomba la mji, masafi ya kunywa. Ya moto, katika nyumba za zamani, yalipitia tangi lililowekwa juu darini, na tangi lile panya au ndege angeweza kutumbukia, kwa hivyo ikaonekana heri maji hayo mawili yasikutane. Nami nikamwambia kwetu katika nyumba za kale birika huwekwa samaki wadogo, makusudi, wapate kula viluwiluwi vya mbu. Alinitazama, akasema ni jambo la kuvutia sana, akafunga mkoba wake.

Leseni ya televisheni sitaisema sana. Inalipwa kila mwaka, na mpaka hivi karibuni nilipokuwa huko, ya televisheni nyeusi na nyeupe bado ilikuwepo, kwa bei nafuu. Kipofu hulipa nusu. Hiyo nusu ni ya kutazama nini, sikumpata wa kumuuliza.

Na saa zao! Jumapili ya mwisho ya Machi husogezwa mbele, ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma, mtindo walioanza mwaka 1916 wakati wa vita. Shangazi yangu wa Mkomani hili hakulikubali kabisa. Kwake yeye wakati ni adhana, na adhana haihamishwi na serikali. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni. Alinipigia simu usiku saa nne za Lamu, keshafuturu, keshaswali tarawehe, anataka kujua nimefuturu nini. Nikamwambia ningali nimefunga, na jua linanipiga usoni dirishani. Akanyamaza. "Mwanangu, wewe uko dunia hii hii?"

Lakini kilichonishinda hasa ni ule upole. Msimu wa majani kupukutika treni huchelewa, kwa sababu majani yakiangukia reli husagwa na magurudumu mpaka yakawa utando wa utelezi. Sawa, sababu nimeielewa. Ila tangazo likishaomba radhi, abiria wote huangalia viatu vyao. Bibi mmoja alipumua kwa nguvu puani, na hayo ndiyo yakawa maandamano ya siku ile. Mashua ya Mokowe ikichelewa hivyo, nahodha atatajiwa ukoo wake mpaka babu wa saba, kisha tutapanda tukicheka naye.

Jirani yangu alikuwa vivyo hivyo. Asubuhi tunakutana, tunazungumza mvua. Jioni nakuta kikaratasi kimepenyezwa mlangoni, mwandiko mzuri: samahani sana kunisumbua, huenda sikutambua kwamba pipa langu la taka limesogea kidogo mbele ya lango lake. Limesogea! Lenyewe! Mtu tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja. Hapa kwetu punda wangu akikuzibia kichochoro utanipigia ukelele ukiwa darini, mtaa mzima utasikia, na kufikia laasiri tumeshapatana.

Nikalisogeza pipa, nikapika mahamri na mbaazi za nazi, nikampelekea sahani. Alifurahi mpaka masikio yakamwiva. Kesho yake nikaikuta sahani kizingitini, imekoshwa ikang'aa, na juu yake kikaratasi kingine: ahsante sana, na samahani kwa kuchelewa kuirudisha.

Shangazi kila nikimhadithia kisa hiki huliruka pipa, hukiruka na kikaratasi. Yeye ana swali moja tu.

"Sahani aliirudisha tupu?"